Kalima: Koko amefungua sanduku la nyuzi

Kwenye avenyu moja ya Kalima, hapa teritwari ya Pangi, kuna mama mzee ambaye watu wote, wakubwa kwa watoto, wanamwita Koko. Ana miaka 68. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa machimbo. Yeye hana duka wala kibanda sokoni, na hajawahi kuuza hata soksi moja. Tangu usichana wake anafuma triko kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda kwaya au mpira. Na mpaka mwaka 2025, kitu alichokipenda hata kuliko kufuma kilikuwa kununua nyuzi na kuziweka.

Sanduku lake ni la chuma, la rangi ya kijani, kama yale ambayo wanafunzi wa zamani walikuwa wakienda nayo shule ya bweni. Linakaa chini ya kitanda, juu ya matofali mawili ili unyevu usipande. Ndani kuna buluu aliyoachiwa na sista mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kuna nyekundu ya soko la Kadutu, Bukavu. Kuna kijivu cha Kindu, na kuna rangi ya haradali ambayo hakuna mtu wa familia anayekubali kwamba ndiye aliyeinunua. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, kulikuwa na madonge matano meupe.

Majirani walikuwa wakimcheka. Walisema Koko anaweka nyuzi kama mnunuzi anavyoweka kasiterite, akingoja bei ipande. Yeye anajibu kwamba kila uzi unamngoja mtu wake. Ni jibu zuri, lakini nyuzi nyingine zilikuwa zimengoja miaka 15, na panya walikuwa wamekwisha kuzaa ndani ya donge moja la njano.

Yale meupe yalikuwa na mtu wake kweli. Kitinda mimba wa Koko ameolewa Bukavu. Mwisho wa mwaka 2024 alipiga simu kusema ana mimba, ya kwanza, na Koko akamwahidi shali nyeupe ya kumfunika mtoto siku ya kutoka hospitali. Kazi hakuianza. Alitoa madonge, akayapanga kitandani, akahesabu vitanzi kichwani, akayarudisha. Alisema kuna wakati.

Kufuma hakukuanzia kwake. Mama yake alifundishwa katika miaka ya 1950, wakati Kalima ilikuwa mji wa Symetain, kampuni ya bati iliyoundwa mwaka 1932. Siku zile, katika miji na kambi nyingi za wafanyakazi za Kongo ya Wabelgiji, kulikuwa na nyumba zilizoitwa fuaye sosiali. Wake za wafanyakazi walifundishwa humo kushona, kufuma, kupiga pasi, kuogesha mtoto na kupika kwa namna ya Wazungu. Waliozianzisha walitaka mama wa Kongo awe kama mama wa nyumbani wa Ubelgiji. Wanawake walichukua kilichowafaa. Mama yake Koko aliyaacha mapishi, akachukua sindano.

Mwaka 1976 Symetain na makampuni mengine ya machimbo ya Kivu na Maniema yakawa Sominki. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, na Koko anakumbuka kwamba tangu hapo kupata sindano za dukani ikawa shida kuliko kupata uzi. Za kwake karibu zote ni njiti za gurudumu. Katika Maniema baiskeli haifi bure: ikichoka kubeba mihogo na mafuta ya ngazi, njiti zinakwenda kwa Koko. Anazinyoosha, anasugua ncha juu ya jiwe lenye maji mpaka isikwame kwenye uzi, na upande wa pili anachomeka kipande cha sandali kuukuu ili vitanzi visidondoke. Njiti ina unene wa milimita 2, inafaa kwa soksi na nguo za mtoto mchanga. Kwa uzi mnene anapasua mwanzi na kuulainisha kwa kipande cha chupa.

Kindu iko karibu kilomita 100 kutoka hapa, lakini kwa bidhaa nyingi macho ya Kalima yalikuwa yakitazama mashariki. Ndege ndogo za Bukavu na Goma ndizo zilizoleta sabuni, sukari na dawa, na mara mbili au tatu kwa mwaka, katikati ya mizigo ya mama wafanyabiashara, nyuzi za triko. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma. Katikati ya Februari vikaingia Bukavu, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Kila mtu wa Kalima anakumbuka bei za sokoni zilivyokimbia wiki zile. Bei ya uzi hakuna aliyeiuliza isipokuwa Koko, na jibu alilopewa ni kwamba hakuna bei kwa sababu hakuna uzi.

Simu ya binti yake nayo haikupita tena.

Mwezi wa tatu ilifika familia moja ya wadeplase. Walikuwa wametoka Bukavu wakapitia Shabunda, mara kwa moto, mara nyingi kwa miguu. Shefu wa avenyu aliuliza nani ana nafasi. Koko alikuwa na chumba ambamo marehemu aliweka vyombo vyake vya kazi, akakitoa. Waliingia mama wa miaka arobaini hivi na watoto wake watatu. Wa kwanza, msichana wa miaka 19, alikuwa mja mzito. Lugha haikuwa tatizo, maana Warega wako pande zote mbili za mpaka wa Maniema na Kivu ya Kusini. Ni maneno machache tu yaliyotofautiana, na watoto waliyacheka wiki nzima.

Msichana alijifungua mwezi wa nne, usiku wa mvua, kabla ya siku zake kutimia. Mtoto wa kiume, kilo 2 na gramu 100. Muuguzi alimlaza juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kitenge, akasema kichwa kifunikwe wakati wote. Njia hiyo ya kumbeba mtoto ilianza Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mwaka 1978, ambako daktari Edgar Rey hakuwa na mashini za kutosha za kuwapasha joto watoto waliozaliwa mapema. Mtoto wa chini ya kilo 2 na nusu analinda joto lake kwa shida, na kwa kichwa linatoka haraka. Wanaouliza triko ni ya nini katika nchi ya joto kama hii hawajalala chini ya bati linalovuja, saa tisa za usiku, na mtoto amejilowesha.

Walikuwa wamemfunika kichwa kwa kipande cha fulana. Koko alikiona, akaenda kuvuta sanduku.

Hapo anainamisha kichwa akisimulia. Hakugusa nyeupe. Buluu ya sista aliishika, akairudisha. Alichukua haradali. “Nilitoa ile nisiyoipenda,” anasema, bila kujitetea. Alifuma usiku kucha kwa mwanga wa toshi, kwa njiti za baiskeli, na asubuhi kofia ilikuwa tayari. Msichana aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Mama yake aliingiza ngumi ndani ya kofia, akatazama ukingo, akanyamaza.

Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja akaketi karibu na mbabula.

“Koko, usinikasirikie. Ukingo unambana. Ameweka alama kwenye paji la uso.”

Kisha akatoa kwenye mfuko wake sindano mbili za aluminiamu, za dukani. Sufuria zake aliziuza njiani ili wale, lakini sindano alikuwa nazo. Ndipo ikajulikana kwamba huko Bukavu mama huyu alikuwa akifuma seti za watoto wachanga na kuziuza, kazi yake ya kila siku, na watoto wake walisoma kwa kazi hiyo. Mgeni aliyepewa chumba kwa huruma alikuwa fundi. Koko, ambaye avenyu nzima ilimsifu kwa miaka arobaini, hakuwa na mtu wa kumkosoa tangu mama yake alipofariki. Hakufurahi. Siku nzima hakutaja uzi. Jioni yake alilitoa sanduku uani, akalifungua mbele ya yule mama, akasema: “Haya, nionyeshe.”

Kofia ya haradali ilifumuliwa yote. Uzi uliofumuliwa unabaki umejikunja kama nywele zilizosukwa, na ukiufuma hivyo kazi inatoka na mawimbi. Waliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, wakaufunga sehemu nne kwa kamba, wakauosha kwa maji ya vuguvugu, wakautundika na jiwe dogo kwa chini mpaka ukakauka umenyooka. Kisha yule mama alianzisha vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, halafu akachomoa moja. Kwa njia hiyo mstari wa kwanza unakuwa legevu. Ukingo akaufuma viwili mbele, viwili nyuma, ili uvutike na kurudi. Koko alikuwa akijua mambo haya nusu nusu. Kushika sindano mbili kwa pamoja hakuwahi kuona.

Kazi kubwa ilikuwa kupanga zile nyuzi. Koko alikuwa amezipanga kwa rangi, kama watu wengi wanavyofanya. Yule mama alizimwaga mkekani akazipanga kwa unene, akiziviringisha kati ya vidole viwili huku amefumba macho. Nyembamba mbili zikienda pamoja zinakuwa sawa na nene moja, hata kama rangi hazifanani, na mara nyingi mchanganyiko unapendeza kuliko kila moja peke yake. Uzi mpya unaungwa mwanzoni mwa mstari, si katikati, ili fundo liingie kwenye mshono lisimkwaruze mtoto. Vipande vifupi kuliko mkono vinakwenda kwenye mfuko wa kujazia mito. Hakuna kinachotupwa, isipokuwa lile donge la panya, lililochomwa.

Kwa kuchoma pia walitambua uzi ni wa namna gani. Ncha ya sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua na kuwa majivu. Ncha ya akriliki inayeyuka kama plastiki, inabaki tone gumu. Karibu nyuzi zote za Koko ni akriliki, na nyingi za sokoni ni hivyo. Zinaoshwa kwa urahisi na wadudu hawazili. Lakini familia zinazolala chumba kimoja na mbabula zisikie hili vizuri: nguo ya akriliki ikishika cheche inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mtoto aliyevaa triko asilazwe karibu na moto, hata usiku wa baridi.

Kisha likaja swali la kiasi. Donge kamili, kama la dukani, ni gramu 50, lakini mengi yalikuwa yameliwa nusu au robo. Jirani mmoja kijana ananunua dhahabu na ana mizani ndogo. Mama hao wawili walimpelekea kapu zima. Alipima donge moja moja, akacheka kwamba ni mara ya kwanza anapima kitu na hakuna mtu anayemwambia mizani imekosea. Kofia ya mtoto mchanga ilitumia gramu 20 na kidogo. Kwa hiyo donge moja linatoa kofia mbili, na kinachobaki kinaingia kwenye soksi. Koko aliandika hesabu kwa kalamu ya risasi ndani ya kifuniko cha sanduku. Kwa mara ya kwanza alijua ana nini.

Uzi ulipopungua waliongeza kwa mitumba. Suweta yenye tundu kwenye kiwiko, ambayo hakuna anayeitaka, inauzwa kwa franga kidogo. Lakini usinunue yoyote tu. Geuza ndani utazame mshono wa ubavuni. Ikiwa kila upande una ukingo mzima na umeunganishwa kwa uzi mmoja, inafumuliwa kutoka shingoni mpaka chini bila kukatika. Ikiwa imekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashini, utapata vipande vya urefu wa mkono tu, umepoteza pesa. Koko alipoteza mara mbili kabla ya kuamini.

Mashini ya kushona ya Koko, ile ya kuzungusha kwa mkono, nayo ilirudi kazini. Mafundi wa sokoni wana vipande vya vitenge wanavyofagia jioni. Viliunganishwa vikawa mashuka madogo ya kufunikia watoto, na mfuko wa nyuzi fupi ukajaza mito miwili. Kazi hii ilikuwa zaidi ya msichana, mtoto akiwa amefungwa kifuani pake.

Mpaka mwisho wa mwezi wa nane zilikuwa zimetoka kofia 26, jozi tisa za soksi na mashuka manne. Nyingi zilikwenda kwa watoto wa wadeplase waliozaliwa katika miezi hiyo. Haikupita bila maneno. Jirani mmoja aliuliza wazi, akiwa amesimama kwenye ua: na watoto wa Kalima, wao hawana vichwa? Ni swali lenye haki yake, kwa sababu uhaba wa mwaka huo haukuchagua mwenyeji wala mgeni. Koko hakujibu. Kofia iliyofuata, nyekundu ya Kadutu yenye mstari wa kijivu, ilikwenda kwa mjukuu wa jirani huyo.

Mzee mmoja wa avenyu alitania kwamba watoto wa siku hizi wanapata kofia bila kulipa mbuzi. Alikuwa anasema juu ya Bwami. Kwa Warega kofia ilionyesha ngazi ambayo mtu amefikia katika Bwami. Ilikuwa ya nyuzi za miti, yenye kauri, shanga au vifungo, na haikuvaliwa kabla mtu hajafundishwa na kutoa mali. Serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na bado kofia hizo ziliendelea kufumwa. Mzee aliiomba ya mtoto aishike, akaitazama ndani na nje, akasema mfumaji anajua kazi. Mama wa Bukavu alicheka mpaka machozi.

Yale madonge meupe yalibaki. Mwezi wa saba yalikuwa ndiyo pekee yaliyokuwa mazima. Yule mama alishauri mara moja tu: mstari mmoja mweupe katika kila kofia, rangi nyingine zitafika mbali. Koko alisema hapana. Majuma matatu walifuma kijivu na kahawia, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini. Bukavu ilikuwa bado kimya. Mtoto wa binti yake, kama alizaliwa, alikuwa na miezi mitatu, na shali ya kutokea hospitali haikuwa na kazi tena, lakini nani angemwambia hivyo?

Yule mvulana wa kilo 2 alikuwa amenenepa, kofia ya haradali haikuingia tena. Asubuhi moja Koko aliketi uani na kitu cheupe mkononi, tayari vidole vinne vya urefu. Hakuna aliyemwomba. Alimaliza baada ya siku mbili, akamvalisha mtoto yeye mwenyewe, akachukua ile ya haradali akaiweka sandukuni. Haijatoka humo mpaka leo. Baada ya hapo mstari mweupe ukaanza kuonekana katika kofia nyingine.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, saa nane za mchana, simu ya Koko iliita kwa namba asiyoijua. Alikuwa binti yake. Walikuwa wamekimbilia kijijini, simu ikaibiwa njiani, na namba za watu wote zikapotea nayo. Namba ya mama yake aliipata kwa shangazi wa Kindu. Mtoto alizaliwa mwezi wa nne, msichana, mzima. Waliongea dakika nne hivi, nusu yake kilio, na kabla yuniti hazijakwisha binti akauliza:

“Mama, na shali yangu nyeupe?”

“Iko kwenye sindano,” Koko akajibu.

Mama wa Bukavu alikuwa ameketi hapo hapo, anahesabu vitanzi. Aliendelea kuhesabu.

Kesho yake Koko alikwenda kwa kijana wa dhahabu na nyeupe iliyobaki. Mizani ilisema gramu 74. Kwa shali haitoshi hata nusu. Kwa kofia na soksi inatosha, na kinabaki kidogo. Walijadiliana kichwa cha msichana wa miezi minne kina ukubwa gani, wakapima cha mvulana kwa uzi, wakaongeza kidogo kwa sababu huyu alizaliwa na uzito mzuri na wa kwao wanakuwa na vichwa vikubwa. Koko aliomba zile sindano za aluminiamu, akaanzisha vitanzi 84 juu ya sindano mbili kwa pamoja, kama alivyoonyeshwa. Nani ataipeleka Bukavu, na kwa njia gani, bado wanaulizia kwa mama wafanyabiashara.